Themu ni Mtumba, Ipeleke kwa Fundi

Haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi mbele ya waandishi wa blogu kama thelathini, katika ukumbi wenye feni moja na projekta iliyogoma. Kwa kuwa ukutani hapakuwa na cha kuonyesha, ilibidi niongee. Baadhi yenu mliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, nimetoa tu vicheko na pale umeme ulipokatika.

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi?

Nani humu ndani amevaa mtumba? Msioneane aibu. Shati hili nililovaa nimelitoa soko la Karume, Dar es Salaam. Lilipokuja lilikuwa na mikono mirefu inayofunika vidole. Aliyelishona hakukosea, alishona kwa mwili wa mtu mwingine tu. Nikalipeleka kwa fundi pale mtaani, akapunguza mikono, akahamisha kifungo kimoja cha shingoni, nikalipa, nikavaa. Hakulifumua lote, na hakuniambia nikanunue jingine.

Themu ya blogu, yaani ule muundo wa sura yake uliokuja tayari, ni shati hilohilo. Aliyeitengeneza alikuwa na mwili mwingine mbele yake: mtu anayeandika Kiingereza, anayesomwa kwenye kioo kipana cha kompyuta, mwenye intaneti isiyopimwa kwa bando. Wewe unaandika Kiswahili, na msomaji wako yuko kwenye daladala, simu mkono mmoja, mwingine umeshika bomba. Lazima pabane mahali na papwaye mahali. Wengi wetu tukiona hivyo tunabadilisha themu. Hii wiki hii, ile wiki ijayo. Namjua mtu aliyebadilisha themu mara tisa kwa mwaka mmoja na mwaka huohuo akaandika makala nne. Anasimama mbele yenu sasa.

Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba shati mlilonalo linatosha. Kinachohitajika ni sindano na mtu anayejua pa kupunguza, na mtu huyo anaweza kuwa wewe, bila kusomea chuo chochote.

Kuna vitu viwili vya kutofautisha. HTML ndiyo inayotaja vitu: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hii ni picha, hiki ni kiungo. CSS ndiyo inayovivalisha: kichwa kiwe kikubwa kiasi gani, aya ipumue kiasi gani, kiungo kiwe na rangi gani. Wengine mnaviita vyote kodi. Mimi husema msimbo, maana nikitaja kodi mbele ya wafanyabiashara naona sura zinabadilika.

CSS ina historia fupi ninayoipenda. Tarehe 10 Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, alitoa pendekezo lake la kwanza. Baadaye akaungana na Bert Bos, na toleo la kwanza likapitishwa rasmi Desemba 1996. Katika lile pendekezo la mwanzo kulikuwa na jambo ambalo leo limesahaulika: kila agizo liliweza kuandikwa na asilimia ya nguvu yake. Mwandishi anasema herufi ziwe hivi, msomaji naye anasema anazitaka vile, kisha brauza, yaani programu ya kufungulia kurasa kama Chrome, inapima uzito wa kila mmoja. Zile asilimia hazikudumu, lakini wazo lilibaki, kwamba ukurasa si mali ya mwandishi peke yake. Liwekeni akilini, nitalirudia.

Agizo la CSS likiandikwa linafanana na hili:

.entry-content p {
  font-size: 1.125rem;
  line-height: 1.65;
}

Mstari wa kwanza unaita jina. Hapa unaita aya zote zilizo ndani ya sehemu inayoitwa entry-content, yaani mwili wa makala. Themu nyingi za WordPress, mfumo wa kuendeshea blogu, hutumia jina hilo, si zote, kwa hiyo usinakili langu kabla ya kuchungulia lako. Ndani ya mabano ya mawimbi unaweka maagizo, kila moja na nukta pacha katikati na nukta mkato mwishoni. Hiyo nukta mkato ndiyo imewaliza watu. Ukiisahau, agizo hilo na linalofuata yote mawili hayasomwi, na hakuna atakayekwambia. Brauza ni kiumbe mpole sana: ikikuta usichokiandika vizuri inakiruka, inaendelea na safari.

Hiyo 1.125rem maana yake ni mara moja na kidogo ya ukubwa ambao brauza ya msomaji imewekwa. Ukubwa huo kwa kawaida ni pikseli 16, basi hapo unapata 18. Kwa nini nisiandike 18px moja kwa moja? Kwa sababu yupo mwalimu mstaafu ambaye mjukuu wake amemwongezea herufi kwenye brauza ya kompyuta hadi 22. Nikiandika px, nimemnyang'anya alichokiomba. Nikiandika rem, ombi lake linaheshimiwa na langu pia. Ni lile wazo la mwaka 1994, mwandishi na msomaji kila mmoja na sauti yake.

Sasa, fundi mzuri haanzi na mkasi. Anaanza na pini. Anabana nguo ukiwa umeivaa, anakwambia jitazame, kisha ndipo anakata. Pini yetu iko ndani ya Chrome na Firefox kwenye kompyuta. Fungua blogu yako, weka kishale juu ya kile kinachokukera, bofya kulia, chagua Inspect. Dirisha linafunguka. Upande mmoja unaona HTML, upande mwingine unaona kila agizo la CSS linalokigusa kitu hicho. Bofya namba, ibadilishe, ukurasa unabadilika papo hapo mbele yako. Ukiharibu, pakia ukurasa upya, kila kitu kinarudi kilipokuwa, maana hujahifadhi chochote kwenye seva, ile kompyuta inayotunza blogu yako. Unaweza kufanya hivyo hata kwenye tovuti ya mtu mwingine na hatajua. Mimi nimejifunza zaidi hapo kuliko mahali pengine popote. Kwenye simu haipatikani hivyo, kwa hiyo azima laptop ya rafiki hata kwa saa mbili.

Ukishapenda unachokiona, ndipo unakishona. Walio Blogger, huduma ya blogu ya Google, bahati yenu, hata akaunti ya bure inawapa templeti nzima, yaani msimbo wote wa themu. Lakini kabla ya kugusa lolote, nenda Theme, fungua kishale kilicho karibu na Customize, chagua Backup, pakua faili, lihifadhi. Kisha tumia Customize, Advanced, Add CSS. Ukiingia Edit HTML, ujue kwamba templeti ya Blogger ni XML, ndugu mkali wa HTML, na haina upole nilioutaja: tagi moja, yaani alama ya kutaja kitu kama p ya aya, isipofungwa, inakataa kuhifadhi.

Walio na WordPress wanaoimiliki wenyewe, tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 kuna sehemu inaitwa Additional CSS. Kwenye themu za zamani iko ndani ya Appearance, Customize. Kwenye themu mpya za vitalu imehamia kwenye Editor, upande wa Styles. Unachoandika hapo hakiguswi themu yenyewe inaposasishwa.

Hapo naomba nikae kidogo, kwa sababu pamenigharimu. Miaka ya mwanzo nilikuwa nafungua faili la themu lenyewe, lile style.css, nahariri humohumo. Wiki sita nilikaa nikirekebisha blogu moja: rangi, nafasi, menyu, hadi kivuli kidogo chini ya picha. Siku moja nikaona ujumbe kwamba kuna toleo jipya la themu. Mimi mtiifu, nikabofya. Sekunde kumi. Blogu ikarudi kama nilivyoipata siku ya kwanza, mikono mirefu, vifungo vyote mahali pake pa zamani. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Kusasisha themu ni kufuta folda na kuweka jipya, na jasho langu lilikuwa ndani ya folda.

Kama marekebisho yako ni ya CSS tu, Additional CSS inatosha. Kama unataka kugusa na faili za PHP, lugha inayoiendesha WordPress kwenye seva, tengeneza themu mtoto. Ni folda ndogo pembeni ya ile ya themu mama, ndani yake style.css ambayo juu kabisa inajitambulisha:

/*
Theme Name: Kibaraza
Template: jina-la-folda-la-themu-mama
*/

Hilo jina la kwanza ni lako, liite utakavyo. La pili lazima liwe jina la folda la mama herufi kwa herufi. Mama akisasishwa, mtoto anabaki na vyake. Zipo themu mama zinazomtaka mtoto aongeze mistari michache kwenye functions.php ili CSS yake isomwe. Soma maelezo yake kwanza, na faili hilo usilihariri kwa papara. CSS ikikosewa shati linapwaya, functions.php ikikosewa nyumba inafungwa. WordPress za siku hizi zinajitahidi kukuokoa, lakini wewe weka nakala kwanza.

Kuna swali huulizwa kila ninapokwenda: "Kaka, nimeandika CSS na haishiki." Jibu la kwanza, pakia ukurasa kwa Ctrl+Shift+R, kwa sababu brauza huenda inakuonyesha nakala ya jana iliyoitunza. Kama una plagini (programu ndogo ya nyongeza) ya kutunza kurasa, isafishe nayo. Jibu la pili ni utawala. Agizo linaloita tagi, kwa mfano p, ni kama mjumbe wa nyumba kumi. Linaloita klasi, yaani jina la kundi la vitu, lile lenye nukta mbele, ni mtendaji wa kata. Linaloita ID, yaani jina la kitu kimoja tu, lenye alama ya reli (#) mbele, ni mkuu wa wilaya. Mjumbe akisema nyeusi na mtendaji akisema bluu, inakuwa bluu, hata kama mjumbe kasema mwisho. Wakiwa wa cheo kimoja, anasikilizwa aliyesema mwisho. Kwa hiyo agizo lako likipuuzwa, tazama kwenye Inspect utaliona limekatwa mstari, na juu yake yupo aliyekushinda. Ongeza jina, kwa mfano klasi, kwenye mstari wa kwanza wa agizo lako ulinganishe cheo.

Kuna njia ya mkato, neno !important. Ni kupiga ngumi mezani kwenye kikao. Inafanya kazi. Tatizo kesho utataka kulibadilisha agizo hilohilo, na kitu pekee kinachoshinda ngumi ni ngumi nyingine. Nimewahi kurithi blogu yenye !important mahali zaidi ya mia. Nilifuta zote nikaanza upya, ilikuwa haraka zaidi.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe, mahali shati linapobana Kiswahili.

Kiswahili chetu kinaunganisha. Pale Mwingereza anapotumia maneno kadhaa mafupi, wewe unasema "tutakapowaandikia", herufi 17 kwa pumzi moja. Kwenye simu ya upana wa kawaida mstari unabeba herufi thelathini na kitu. Maneno mawili ya namna hiyo, mstari umejaa. Halafu mtu anaweka text-align: justify kwa sababu kaona magazeti yamenyooka pande zote mbili. Mhariri wa gazeti anakata neno kwa kistari mwishoni mwa mstari. Brauza mara nyingi haikati neno la Kiswahili, basi inachofanya ni kutanua nafasi kati ya maneno, na ukurasa unakuwa kama meno ya mtoto wa miaka saba. Acha kushoto kunyooke, kulia kwende kwenyewe. Na kwenye vichwa vya habari ongeza overflow-wrap: break-word, ili neno refu lisitoboe ukuta na kuufanya ukurasa mzima utikisike kushoto na kulia.

Vitufe navyo. Palipoandikwa Read more pakae "Endelea kusoma", na kitufe kilichopewa upana wa pikseli 90 kinavunjika katikati. Usikipe kitufe upana, kipe padding, yaani nafasi ya ndani kuzunguka neno, kijikunjue kwa neno lake. Menyu yenye maneno sita ya Kiingereza ikija kwa Kiswahili huwa mistari miwili. Hapo dawa si kupunguza herufi hadi zisomeke kwa miwani. Dawa ni kujiuliza kama kweli unahitaji "Ukurasa wa Mwanzo" wakati "Mwanzo" inatosha. Na tafadhali, usiandike makala nzuri ya Kiswahili halafu chini yake pabaki Leave a Reply. Plagini kama Loco Translate inakufungulia maneno yote ya themu uyaandike upya, bila kugusa msimbo.

Rangi. Wabunifu wanapenda kijivu hafifu, kinaonekana kistaarabu. Kwenye ofisi yenye kiyoyozi, sawa. Mpelekee mtu aliyesimama stendi saa saba mchana, jua la utosini, mwanga wa simu umepunguzwa kulinda chaji. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu, unaoitwa WCAG, unataka maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake yatofautiane kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu cha #999 (ndivyo rangi inavyoandikwa kwenye CSS) juu ya nyeupe hakifiki hata 3. Kijivu cha mwisho kinachopita juu ya nyeupe ni #767676, na mimi hapo hata sifiki, naishia #333. Inspect hiyohiyo ya Chrome ukibofya kisanduku cha rangi ya maandishi inakuonyesha uwiano.

Picha ndiyo sehemu inayokula bando la watu. Themu nyingi zina agizo hili, na kama yako haina, liweke:

img {
  max-width: 100%;
  height: auto;
}

Picha haitazidi upana wa ukurasa, na haitavutika kama uso kwenye kijiko. Lakini msidanganyike. CSS inapunguza picha machoni, haiipunguzi uzito. Picha ya pikseli 4000 iliyotoka kwenye simu ikionyeshwa kwa upana wa 360 bado inaweza kushuka na MB zake zote. Kukunja nguo hakupunguzi uzito wa begi. WordPress tangu toleo la 4.4 hutengeneza saizi kadhaa na kuiachia brauza ichague, ila hilo ni kwa picha ulizoziingiza kwa njia yake ya kawaida. Punguza picha kabla ya kupakia. Upana wa pikseli 1200 unatosha kabisa kwa makala.

Fonti za kuvutia nazo zina uzito. Kwa kawaida kila unene ni faili: nyembamba moja, nzito moja, ya mlalo moja. Chukua mbili. Na ziangalie zinavyoandika "ng'ombe" na "ng'ambo" kabla hujazipenda, maana nyingine ile alama ya ritifaa (') inakaa mbali na herufi kama imegombana nazo. Wanaosoma kwa Opera Mini iliyokazwa kubana data hawazipati kabisa fonti hizo, na kama ikoni zako za menyu ni za fonti wataona vijisanduku. Andika neno Menyu. Halina hasara.

Kabla sijasahau, tazameni msimbo wa juu kabisa wa kurasa zenu. Mnapaswa kuona mstari huu:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Usipokuwepo, simu inajifanya kompyuta yenye upana wa pikseli 980 hivi, kisha inausinyaza ukurasa wote uingie kwenye kioo. Ndiyo zile tovuti unazosoma kwa kuvuta na vidole viwili.

Palepale juu utaona html lang="en". Badilisha iwe sw. Kwenye WordPress inafuata lugha uliyochagua kwenye Settings, General. Kwa macho hutaona tofauti yoyote. Tofauti iko masikioni. Wasioona husomewa ukurasa na programu, na programu hiyo huangalia hapo ijue itamke kwa lugha gani. Ukiiambia ni Kiingereza, "wale" inasomwa kama jina la mnyama wa baharini kwa Kiingereza kibovu, na mtu wa Same, Kilimanjaro, anasikia wilaya yake ikiitwa "seim". eSpeak NG, sauti inayotumiwa na programu ya bure ya NVDA, inajua Kiswahili. Inasubiri uiambie tu. Herufi mbili.

Jambo la mwisho nitalisema haraka kwa sababu linanikera. Msichukue zile themu za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu. Fungueni footer.php ya moja yake, mara nyingi mtakuta mstari mrefu wa herufi zisizosomeka umeanza na base64_decode, amri ya kufumbua msimbo uliofichwa. Huo haujawekwa kukusaidia. Themu za bure zilizo kwenye hazina ya WordPress.org zina leseni inayoendana na GPL, leseni ya programu huria, yaani una ruhusa kamili ya kukata, kupunguza, kushona upya. Hakuna sababu ya kuvaa cha wizi. Blogu ya mpigapicha Issa Michuzi ilianza mwaka 2005 kwenye Blogger, na sijasikia mtu aliyeifungua kufuata themu.

Dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja fonti. Eti, ajifunze na JavaScript, ile lugha ya kuzipa kurasa vitendo? Bado. Kwanza niambie ni kitu gani kwenye blogu yako kinakukera leo asubuhi. Menyu? Inaziba kichwa cha habari kwenye simu? Haya, njoo nayo hapa mbele. Naona projekta imewaka. Bofya kulia.